Mzani hausemi kilichopungua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu ukurasa wenu wa afya, ule uliotoa mpango wa chakula wa kupunguza kilo kumi. Nimeusoma wote. Sukari toa, ugali punguza, usiku lala na matunda. Habari ya kunyanyua kitu kizito haimo hata mstari mmoja. Mpango wa namna hiyo niliufuata mwaka jana, na nataka wasomaji wenzangu wajue ulinifikisha wapi.

Nina miaka 53, nauza maharage soko la Mwanjelwa hapa Mbeya. Mwezi wa pili mwaka jana nilikuwa na kilo 91 na presha imepanda. Zahanati niliyokwenda wakaniambia nipunguze kula na nitembee, basi. Nikashika hivyo hivyo: asubuhi chai isiyo na sukari, mchana tonge chache na mboga za majani, usiku kikombe cha uji mwepesi. Sokoni nikawa naenda kwa miguu. Kufika mwezi wa sita nina kilo 77. Presha ilishuka, namshukuru Mungu kwa hilo. Magauni yakanipwaya, wengine wakanisifia, wengine wakanong'ona kwamba naumwa.

Siku moja mteja akataka debe tatu za maharage ya njano, na vijana wa mizigo walikuwa mbali. Debe si kitu kigeni kwangu. Unalikumbatia, unalipandisha gotini, unavuta pumzi, unalileta kifuani, ndipo unalimimina kwenye gunia. Miaka ya karibuni nilikuwa napima kwa sado tu, lile kopo dogo la kupimia, lakini debe likinilazimu nililiweza. Siku ile lilifika gotini likagoma. Mikono ikatetemeka, maharage yakamwagika sakafuni mbele ya mteja, nikaanza kuyazoa huku nimeshika nguzo ya kizimba ili niweze kuinuka. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi: kuinuka chini nilihitaji nguzo.

Mtoto wa kaka yangu ananyanyua vyuma, vile vya mtaani, bomba lenye makopo ya zege huku na huku. Nilipomsimulia akaniambia, "Shangazi, umekula misuli yako mwenyewe." Akanieleza kwamba mwili ukinyimwa chakula hauchomi mafuta peke yake, unachukua na misuli, na kati ya kilo zinazopungua hata robo yake inaweza isiwe mafuta. Misuli inabaki ikiwa ina kazi nzito ya kufanya na ina chakula cha kujijenga. Mimi niliinyima vyote viwili, na mzani ukanisifu.

Akanisomea pia utafiti uliotoka mwaka 2017 katika jarida la New England Journal of Medicine, wa wazee 160 wanene kule Marekani. Waliofanya mazoezi huku wamepunguza chakula, makundi yote yalipungua karibu asilimia 9 ya uzito kwa miezi sita. Lakini waliofanya ya kutembea na baiskeli tu walipoteza asilimia 5 ya mwili usio mafuta, walionyanyua vizito asilimia 2. Mifupa ya nyonga nayo ilipungua zaidi kwa wale wa kutembea tu. Waliochanganya yote mawili ndio walioongeza uwezo zaidi katika shughuli za kila siku. Sisi wanawake tuliokoma hedhi tuisikie hiyo ya nyonga kwa masikio mawili, maana njia zetu huku ni za milima na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu.

Basi nikaanza na kilichopo kizimbani. Debe moja ni sado tano. Nilitia sado moja ndani ya debe, nikalikumbatia, nikachuchumaa na kuinuka mara nane, nikapumzika, nikarudia, mizunguko mitatu. Jumanne na Ijumaa. Mara nane zilipokuwa nyepesi nikafika kumi na mbili, halafu nikaongeza nusu sado. Pumzi usiibane, itoe wakati wa kuinuka, hasa mwenye presha. Na mwenye presha ya juu sana, au anayetumia dawa za sukari, aanze kwa daktari, maana ukipunguza chakula na dawa ikabaki ile ile sukari inaweza kushuka ghafla.

Chakula sikurudisha kama zamani. Ugali bado ni kidogo, na mafuta sasa napima, kwa kuwa kijiko kikubwa kimoja kina kama kalori 120 na mimi nilikuwa namimina kwa macho. Nilichoongeza ni vya kujenga mwili. Yule mtoto wa kaka yangu alinipigia hesabu ya gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito, nikapata kama 92 kwa siku. Yai moja lina 6 tu! Kwa hiyo ni mayai, maziwa, usipa wa Kyela, wale dagaa wa ziwani, na maharage yangu mwenyewe bakuli zima. Mwenye ugonjwa wa figo asiige hili bila kuuliza.

Miezi minane imepita. Nina kilo 74, yaani tatu tu zaidi zimepungua, na ningekuwa naangalia mzani peke yake ningekata tamaa. Lakini nina kamba ya katani niliyoifunga fundo palipoishia kiuno changu mwezi wa sita, na leo kamba ikizunguka fundo linapita kitovu kwa vidole vinne. Debe la sado tano nalipandisha mpaka begani.

Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba kila mtakapoandika "punguza" muandike na "nyanyua" papo hapo, kwa vitu tulivyo navyo: debe, ndoo ya maji, tofali. Picha zenu ni za wasichana kwenye mashine ambazo wengi wetu hatutazigusa. Mpiga picha wenu akipita Mwanjelwa Jumanne au Ijumaa, afike kabla ya saa moja na nusu asubuhi, kabla magari ya Mbozi hayajashusha mzigo. Atanikuta na debe langu.

Mama muuza maharage,
Mwanjelwa, Mbeya