Kibali cha mashine hakiazimwi: barua ya wazi kwa vijana wa maabara ya vifaa vya pamoja

Kwa vijana wangu wa uzamili na uzamivu, na kwa wasimamizi wenu,

Nimebakiza miezi michache nistaafu. Katika miaka niliyokaa kwenye maabara za vifaa vya pamoja nimebandika matangazo mengi mlangoni, mengi yakiwa na herufi kubwa na alama za mshangao, na sehemu kubwa ya matangazo hayo haikusomwa na mtu. Safari hii nimeona niandike barua, kwa sababu jambo lenyewe halienei kwenye tangazo. Linahusu tabia ya kuazimana vibali: mmoja amefunzwa kutumia mashine, amepimwa, amepewa nenosiri lake, kisha mwenzake aliyebanwa na tarehe ya kuwasilisha tasnifu anamwomba amfungulie mara moja tu, naye kwa huruma anamfungulia.

Naijua huruma hiyo inakotoka. Tumelelewa kuazimana chumvi, jembe na hata shati la kwendea harusini, na anayemnyima mwenzake kitu kilichokaa bure huitwa mchoyo. Lakini jirani akiazima jembe anaondoka na jembe lenyewe, ilhali anayeazima nenosiri anaondoka na jina lako na kuuacha ujuzi wako kichwani mwako, na mashine haina namna ya kutambua kwamba mikono imebadilika.

Niwasimulie lililotokea katika maabara moja niliyofanya kazi zamani. Kijana mmoja hodari alikuwa na kibali cha HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali zilizochanganyika, akampa nenosiri rafiki yake aliyekuwa na sampuli ishirini na kitu za dondoo za majani ya mwarobaini. Mashine ilikuwa imefungwa chupa mbili, moja ya maji yenye bafa ya fosfeti, yaani chumvi inayotuliza kiwango cha asidi, na nyingine ya kiyeyushi kiitwacho asetonitraili, tupu. Kila aliyefunzwa anajua kwamba fosfeti huyeyuka vizuri ndani ya maji, lakini asetonitraili ikizidi, chumvi hiyo huacha kuyeyuka na kuwa chembe, na chembe hizo hujikusanya ndani ya mirija ambayo tundu lake halifiki hata nusu milimita. Rafiki hakulijua hilo. Alipomaliza sampuli zake usiku alitaka kuisafisha kolamu, yaani ule mrija ambamo kemikali hutenganishwa, kama alivyowaona wenzake wakifanya, akapandisha asetonitraili hadi asilimia 100 kwa mkupuo, bila kupitisha kwanza maji yenye asetonitraili kidogo ili chumvi itoke. Presha iliyokuwa imetulia kwenye baa 120 (baa ni kizio cha presha) ikaanza kupanda, na ilipofika baa 250, kikomo nilichokuwa nimekiweka, mashine ikajizima yenyewe. Yeye akadhani mashine ina ukorofi wake, akaingia kwenye mipangilio, akasogeza kikomo hadi baa 400, akawasha tena.

Asubuhi nilikuta unga mweupe umeganda kuzunguka kichwa cha pampu, kama ile chumvi inayobaki juu ya majabali maji yakishakupwa. Niliukwangua kwa ukucha, nikaelewa habari yote kabla sijafungua daftari. Kolamu ilikuwa imeziba isizibuke tena. Sili za pampu, zile pete za kuzuia kuvuja, zilikuwa zimechanika na pistoni imepata mikwaruzo, maana chumvi ya namna ile ikikauka husugua kama msasa. Vipuri viliagizwa nje ya nchi, vikakaa vikisubiri nyaraka za forodha, na kwa karibu miezi miwili hakuna aliyepima chochote. Jina lililoandikwa kwenye daftari lilikuwa la yule aliyetoa nenosiri, ambaye usiku ule wote alikuwa kwao amelala.

Mpaka hapo kisa hiki kinafanana na vingine mlivyokwisha kuvisikia kutoka kwa mafundi wanaopenda kulalamika. Kuna kipande kimoja ambacho kwa miaka mingi sikukisimulia. Yule rafiki alikuwa ameniomba mafunzo wiki tano kabla, akiwa na barua ya msimamizi wake na daftari mkononi, nami nikamwambia asubiri kwa kuwa nilikuwa na shughuli. Baadhi ya shughuli hizo zilikuwa za kweli. Nyingine, nikisema kweli, zilikuwa kupenda kwangu kuombwa. Sisi mafundi tunalo gonjwa hilo: ufunguo ukikaa mfukoni mwako muda mrefu unaanza kuuona kama cheo. Tangu siku hiyo nimeshika kwamba maabara inayokataza kuazimana vibali ina deni la kutoa mafunzo kwa wakati, na nimewaandikia hivyo wanaonirithi: aliyeomba afunzwe ndani ya wiki mbili, na kama haiwezekani, fundi akae naye na kumpimia sampuli zake huku yeye akitazama. Nenosiri la mtu mwingine lisiwe ndiyo njia ya mkato.

Wengi mnaniuliza kwa nini mafunzo yenyewe yana vipindi vitatu, wakati kubonyeza kitufe cha kuanzia kunachukua sekunde moja. Kipindi cha kwanza mnatazama, cha pili mnafanya nami nikiwa pembeni nikisema. Cha tatu ndicho kinachowaudhi, kwa sababu nakaa kwenye kiti cha kona bila kufungua mdomo. Siku hiyo sitazami kama unajua kuwasha. Huwa nimelegeza kidogo kiungo kimoja cha mrija kabla hujaingia, kiasi cha kudondosha tone moja kila baada ya dakika kadhaa, halafu nangoja nione utakachofanya presha ikionekana iko chini kuliko ilivyopaswa. Wapo wanaosimamisha pampu na kupitisha kipande cha karatasi kwenye kila kiungo mpaka walipate tone. Hao nawapa kibali siku hiyo hiyo, hata kama mkono ulikuwa ukitetemeka. Wapo pia wanaoendelea kudunga sampuli kwa ufasaha mkubwa huku kiyeyushi kikitengeneza kidimbwi chini ya kolamu. Hao hurudi wiki inayofuata, na hakuna aibu yoyote katika kurudi.

Kwa sababu hiyo hiyo kibali kinakwisha kama hukuigusa mashine kwa miezi sita. Baadhi yenu mmeona ni dharau, hasa mnaorudi kutoka kukusanya data vijijini. Ujuzi wa mikono huchakaa kimya kimya, na kipimo cha nusu saa kinatosha kuurudisha.

Kwenye sentrifuji kubwa, mashine inayozungusha mirija ya sampuli kwa kasi ili vilivyomo vitengane, maneno yangu huwa makali zaidi, na naomba mnivumilie. Chukueni hesabu hii: mirija miwili inayotazamana ikitofautiana gramu 5 tu, chini ya nguvu iliyo mara 20,000 ya uzito wa kawaida, tofauti hiyo inavuta kama mzigo wa kilo 100, yaani gunia la mahindi linaloning'inia upande mmoja wa rota, kile kichwa kinachoshika mirija, inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ndiyo maana nawasumbua mpime kwa mizani na msikadirie kwa macho. Lakini hata aliyepima vizuri anaweza kupata msiba endapo rota yenyewe imechoka. Mwezi Desemba 1998, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, sentrifuji kubwa ilikuwa ikizungusha sampuli za maziwa kwa rota ya alumini iliyokwisha kutumika kwa kazi hiyo hiyo mara nyingi bila tatizo. Kiasi cha saa moja baada ya kuanza, rota ikapasuka, vipande vikapenya kinga ya mashine, na chumba kikaharibika vibaya. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Kila safari ya kuzunguka huichosha metali, na mtengenezaji huweka ukomo wa matumizi ya rota, ukomo ambao tunaweza kuufuata ikiwa tu kila safari imeandikwa daftarini. Anayetumia mashine kwa jina la kuazima mara nyingi haandiki, kwa sababu kuandika ni kujitaja. Hapo ndipo hesabu ya rota inapopotea, na gharama inaweza kumwangukia mtu wa mwaka ujao ambaye hakuhusika kabisa.

Naitrojeni ya kimiminika nitaitaja kwa ufupi kwa kuwa kanuni yake ni fupi: mtungi ukipanda lifti, binadamu asipande nao. Lita 1 ya kimiminika hicho hugeuka takriban lita 700 za gesi, gesi hiyo haina harufu na hufukuza hewa unayoihitaji, na nyote mnajua jinsi umeme unavyokatika na lifti zetu zinavyokwama kati ya ghorofa. Mmoja apakie chini, mwingine apokee juu.

Kuhusu mashine ya eksirei, kule hata mimi sina mamlaka ya kulegeza. Vyanzo vya mionzi nchini viko chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayotoa leseni na kukagua. Beji ya kupimia mionzi unayovaa kifuani inahesabu mionzi iliyoufikia mwili wako. Ukimwazima mwenzako, mmeharibu kumbukumbu za watu wawili kwa mara moja.

Sasa niseme juu ya zamu, ambako kuazimana kunavaa nguo nyingine. Kuna walioingia kwenye kalenda na kushika kila Ijumaa ya muhula mzima, kisha wanazigawa Ijumaa hizo kwa marafiki kana kwamba ni viti walivyowahi mapema kwenye daladala. Mtafiti mmoja alipanda basi kutoka Mtwara akiwa na kasha la barafu miguuni, sampuli zake za mwani ndani, akafika kwenye zamu aliyoithibitisha kwa maandishi na kumkuta mtu asiyemfahamu amekaa kwenye mashine, ambaye alijitetea kwamba "kaka amenipisha". Kaka mwenyewe hakuwa na zamu siku hiyo. Barafu ya yule mgeni ilikuwa imeshayeyuka nusu, naye hakugombana, alikaa tu kwenye benchi la nje akingoja mpaka saa kumi jioni. Vifaa hivi vilinunuliwa vitumike na wengi, wakiwemo wale ambao vyuo vyao havina hata mizani nzuri, kwa hiyo zamu usiyoihitaji ifute saa 24 kabla, ionekane wazi kwa kila mtu, wala usiigawe kwa simu.

Kwenu wasimamizi, waheshimiwa maprofesa, nasema kwa adabu yote lakini nasema. Mara nyingi kijana anayeazima nenosiri anakuwa ametumwa. Ameambiwa matokeo yawe mezani Jumatatu, na aliyemwambia hakuuliza kama amefunzwa. Wengine hunitumia ujumbe kwamba mradi wao ndio uliolipia kolamu, hivyo mwanafunzi wao aruhusiwe. Malipo hayo tunayathamini, na yanawapatia saa za matumizi, lakini hayawezi kuhesabiwa kuwa mafunzo. Kibali anapewa mtu kwa jina lake, na mradi hauna mikono. Jambo ambalo mngenisaidia sana ni kuwaleta wanafunzi wenu mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, kabla presha ya tasnifu haijapanda.

Limebaki suala la kuharibu. Mnaogopa kusema mkiharibu, na woga huo naujua vizuri. Nikiwa fundi kijana nilikuwa nikitumia hadubini, nikapitisha lenzi kavu ya 40 juu ya mafuta niliyoyaweka kwa ajili ya lenzi ya 100. Ilinipasa niifute pale pale kwa karatasi ya lenzi na kumweleza mkubwa wangu. Nilizungusha lenzi nyingine mahali pake, nikafunika hadubini kwa kitambaa chake, nikaenda zangu. Siku tatu baadaye dada mmoja alikuwa ameandika ukurasa mzima wa matokeo akidhani seli zake zina ukungu wa asili. Aliyarudia yote. Mpaka leo sijamwambia ni nani, na kama anasoma barua hii, basi ni mimi.

Kwa ajili hiyo utaratibu wetu unasema kwamba anayeripoti hitilafu siku ile ile hatozwi gharama wala hanyang'anywi kibali, hata kama kosa ni lake waziwazi. Anayeficha, au anayeacha kosa lisomeke kwa jina la mwingine, ndiye anayesimamishwa. Kuna walioniambia kwamba utaratibu huo unalea uzembe. Mimi nimeona kinyume chake: tangu tuuanze, naamshwa usiku kwa simu mara nyingi zaidi, na pampu zinakufa mara chache zaidi.

Na flashi zenu, jamani, msizichomeke kwenye kompyuta za mashine. Kompyuta zile ni za zamani, hazina intaneti wala kinga mpya, na kirusi kimoja kutoka kwenye duka la kuchapishia kinatosha kutulaza wiki nzima. Data zenu ziko kwenye folda ya pamoja.

Orodha ya wanaongoja mafunzo ina majina tisa, na nakusudia kuimaliza kabla sijakabidhi funguo. Watatu wa kwanza waje Jumanne saa mbili asubuhi chumba cha HPLC, wakiwa wamevaa viatu vilivyofunika vidole, kila mmoja na daftari lake mwenyewe na asetonitraili aliyoichuja kwa mikono yake. Bafa ya fosfeti nitaileta mimi.

Wenu,
Mzee wa maabara