Msimwite mchawi, mwiteni manju

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nina neno moja la kulalamikia na mengi ya kusimulia.

Septemba 2025 gazeti lako lilichapa habari fupi ya kifo cha Hermeto Pascoal, mwanamuziki wa Brazili aliyefariki Rio de Janeiro tarehe 13 ya mwezi huo akiwa na miaka 89. Mliweka na picha yake nzuri: nywele nyeupe, ndevu nyeupe ndefu, kofia kichwani. Juu yake, kwa herufi nene, mkaandika kwamba "mchawi wa muziki" amefariki. Nilikata kipande kile kwa mkasi kabla binti yangu hajarudi kutoka shule, nikakifungia kabatini.

Binti yangu ana miaka 12, anapiga kinanda katika kwaya ya watoto, na ana ualbino. Hermeto naye alizaliwa na ualbino. Habari yenu haikugusa jambo hilo kabisa. Ilitaja birika alilokuwa akilipuliza na nguruwe aliowaingiza studio, basi.

Najua jina lile mlilitoa wapi. Wabrazili walimwita "o Bruxo", na kwao ni jina la mapenzi. Lakini huku Kanda ya Ziwa, neno uchawi likikaa juu ya picha ya mtu mwenye ualbino, si neno la mchezo. Ni mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoifanya serikali ipige marufuku waganga wapiga ramli Januari 2015, na bado mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili na nusu aliporwa nyumbani kwao Muleba, akauawa. Mzazi mwenzangu akikisoma kichwa kile cha habari anaelewa nini? Na yule anayeamini kwamba viungo vya watoto wetu vinaleta utajiri, anaelewa nini?

Tangu siku ile nimesoma na kusikiliza kila nilichokipata juu ya mtu huyu. Nataka wasomaji wako wajue kwamba alichokuwa nacho ni sikio na kazi.

Alizaliwa 22 Juni 1936 Lagoa da Canoa, jimbo la Alagoas, kaskazini mashariki mwa Brazili, katika familia ya wakulima. Wenzake walikwenda shamba. Yeye jua lilimchoma, na macho yake hayakuona vizuri, akabaki kivulini. Huko kivulini alitengeneza filimbi kwa mabua ya majani ya maboga, kama watoto wetu wanavyofanya na bua la jani la mpapai, akawapulizia ndege. Aliokota mabaki ya vyuma vya babu yake mhunzi, akavitundika, akavigonga kimoja kimoja ajue kila chuma kinasemaje. Baba yake alikuwa na akodiani ndogo ya besi nane. Hermeto na ndugu yake José Neto, ambaye pia alikuwa na ualbino, wakaizoea hadi wakawa wanaitwa kupiga kwenye harusi na sherehe za kijijini.

Mwaka 1950, akiwa na miaka 14, alihamia Recife na kuingia kwenye muziki wa redioni. Huko yeye na ndugu yake walikuwa na Severino Dias de Oliveira, aliyejulikana kama Sivuca, hodari wa akodiani. Naye pia alikuwa na ualbino. Watatu hao wakapangwa kundi moja, likapewa jina la Kireno lenye maana ya dunia inayowaka moto. Niliposoma hayo nilisimama kidogo. Sijawahi kusikia redio yoyote ya kwetu ikiwaweka watatu wenye ualbino mbele ya maikrofoni moja ili wapige muziki, si ili wasimulie yaliyowapata.

Sivuca mwenyewe anastahili barua yake. Miaka ya 1960 alikwenda New York, akampigia gitaa na kumpangia muziki Miriam Makeba, yule yule aliyetuimbia "Malaika" kwa Kiswahili. Waliompenda Makeba wa miaka ile wamelisikia gitaa la mtu mwenye ualbino, na hakuna aliyewaambia.

Hermeto alipiga piano, filimbi, saksofoni, akodiani, gitaa, ngoma, na chochote kilichokuwa mkononi. Hilo la birika ni kweli. Lakini kupiga vyombo vingi si kiini cha kazi yake. Yeye alikuwa mtunzi na mpangaji wa muziki, mtu wa kukaa na kundi hadi kila sauti ikae mahali pake. Mwaka 1970 alikuwa Marekani pamoja na mwenzake Airto Moreira, na Miles Davis, mpiga tarumbeta maarufu wa jazi wa huko, akarekodi tungo zake. Albamu ya Live-Evil ilipotoka mwaka 1971, tungo hizo zilichapwa kwa jina la Miles. Maprodyuza wetu waliowahi kuporwa wimbo hawahitaji kuelezwa zaidi.

Miaka ya 1980 aliishi Jabour, mtaa wa upande wa magharibi wa Rio, na wanamuziki wake, kina Itiberê Zwarg wa besi na Jovino Santos Neto wa piano, walikuja kufanya mazoezi nyumbani kwake siku za kazi zote, saa kadhaa kila siku. Katika albamu yake ya mwaka 1984 alichukua sauti za watangazaji wa mpira wa redioni, akaweka nota chini ya kila silabi, kwa sababu aliamini kwamba kila anayesema anaimba. Mtangazaji anapandisha sauti mpira ukikaribia goli, na ala inapanda naye neno kwa neno. Muziki huo nilimpa binti yangu, ingawa picha sikumpa. Alicheka, kisha akajaribu kumfuata kwa kinanda mtangazaji wa mechi ya Simba na Yanga. Alishindwa jioni ile na kesho yake. Siku ya tatu alipata sentensi moja.

Kuanzia 23 Juni 1996 hadi 22 Juni 1997 Hermeto alitunga wimbo kila siku, akaongeza na wa Februari 29, jumla 366, ili kila mtu duniani awe na wimbo wa siku yake ya kuzaliwa. Wa binti yangu upo, wa 9 Machi. Wako upo pia, Ndugu Mhariri. Mwaka 2008 aliandika tamko kwa mkono wake kuruhusu wanamuziki warekodi nyimbo zake bila kumlipa. Mwaka 2023 chuo cha Juilliard cha New York kilimpa udaktari wa heshima, yeye aliyejifunza muziki kwa masikio chini ya miti.

Sisi huku Usukumani mtu wa namna hiyo tuna jina lake: manju. Manju ndiye anayetunga, anayeongoza, na ngoma humfuata. Naomba mchape picha ile upya, mseme wazi kwamba Hermeto Pascoal alikuwa na ualbino, na juu yake muandike neno hilo.

Jana nilifungua kabati. Nimekata kichwa cha habari, nimeacha picha peke yake. Binti yangu ameibandika ukutani juu ya kinanda, na kabla ya kulala ameniuliza zile ndevu zilikuwa hazinasi kwenye akodiani.

Mama wa mpiga kinanda,
Nyegezi, Mwanza