Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za mwaka za chama chetu cha wachambuzi wa takwimu za tiba ya uraibu mnazijua: vikao vinne vya kusoma makala, semina ya siku mbili Morogoro juu ya kuchambua vipimo vinavyorudiwa kwa mtu yule yule, na somo la R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, kwa wachambuzi wapya. Zote zilifanyika. Chai ilitosha.

Nije kwenye jambo lililoleta maneno.

Mwongozo wetu wa uchambuzi ulikuwa unasema kwamba mshiriki asiyeonekana siku ya ufuatiliaji ahesabiwe kuwa ametumia dawa za kulevya. Mwezi Aprili kifungu hicho kilifutwa, na aliyependekeza kifutwe ni mimi. Baadhi ya wenzetu wanaofanya kazi na kliniki za methadoni (dawa ya kunywa wanayopewa waraibu badala ya heroini) wanasema nimelegeza kamba, kwani mraibu akipotea inajulikana kapotelea wapi. Naheshimu uzoefu wao. Tangu kliniki ya Muhimbili ilipoanza mwaka 2011, wameona mengi kuliko mimi ninayekaa na kompyuta. Lakini kwa kawaida dozi hunywewa kliniki mbele ya mhudumu, na mtu anayetakiwa kuja kila siku hukosa kwa mengi: nauli, kukamatwa, kibarua cha mkoani, ugonjwa, kifo.

Ule utafiti wa California tuliousoma kikao cha pili (waliokuwepo wanakumbuka) uliwafuatilia wanaume 581 walioingizwa kwenye tiba ya lazima ya heroini kati ya 1962 na 1964. Walipotafutwa tena mwaka 1996 na 1997, 284 walikuwa wamekufa na 242 walihojiwa. Kama watafiti wasingefuatilia habari za vifo, kwa kanuni yetu ya zamani marehemu wale wote wangeandikwa kuwa bado wanatumia. Makaburi yanajidunga sindano! Na kuwafuta tu kwenye hesabu nako si dawa, maana picha ya waliobaki hung'aa kupita ukweli.

Nimeambiwa pia kwamba kanuni ya zamani ilikuwa ya tahadhari. Chukueni kalamu. Tuseme kuna makundi mawili ya watu 100 kila moja, yenye tiba tofauti, na katika kila kundi walioacha kweli ni 40. Kundi la kwanza linapewa nauli, linapoteza watu 10. La pili halipewi, linapoteza 40. Tuseme waliopotea hawatofautiani na waliobaki. Tutawaona walioacha 36 kule na 24 huku. Ukiwaandika waliopotea wote kuwa wametumia, unapata asilimia 36 dhidi ya 24, na unatangaza kwamba tiba ya kwanza ni bora. Tofauti yote imeletwa na nauli ya daladala.

Mtakwimu Mmarekani Donald Rubin alishatenganisha mambo haya mwaka 1976: kuna data inayokosekana kwa bahati tu, kuna inayokosekana kwa sababu ambazo data tuliyonayo inazieleza, na kuna inayokosekana kwa sababu ya kile kile tusichokiona. Hiyo ya tatu ndiyo inayotusumbua sisi, na hakuna kompyuta itakayokuthibitishia kwamba huna tatizo hilo. Kwa hiyo kifungu kipya, nilichokiandika mwenyewe kwa usiku kadhaa, kinataka pengo lijazwe mara nyingi kwa makadirio mbalimbali, kisha mchambuzi ajaribu dhana mbaya zaidi, ikiwemo hiyo ya zamani, na aeleze jibu linayumba kiasi gani. Kwa hiyo sijafukuza kanuni ya mtu. Nimeinyima kiti cha mbele.

Sasa utaratibu. Katiba inataka theluthi ya wanachama wahudhurie, yaani 29 kati ya 86. Mkutano wa Aprili walikuja 19. Kumi na wawili waliunga mkono, saba walipinga. Nikaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba asiye na pingamizi anyamaze, na wengi mlinyamaza. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba mwenyekiti amewafanyia wanachama kile anachokataza kwa wagonjwa: asiyekuja kahesabiwa ameafiki. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu yana ukweli. Nikawapigia simu wote 67 ambao hawakuja. Walipokea 28: waliounga mkono 17, waliopinga 6, watano wakasema hawajausoma mwongozo. Kumi na wawili na kumi na saba ni 29. Sisemi hiyo ni akidi. Nasema mhesabiwe mnavyotaka, ila mje.

Ada nayo. Waliolipa 40,000/= kamili ni 31, nusu 14, na 41 hawajatoa hata senti. Tulipokea 1,520,000/=, tunadai 1,920,000/=. Pamoja na salio la nyuma la 412,000/=, tulitumia 1,785,000/= na kubaki na 147,000/=, ambazo hazifiki hata Morogoro. Wapo walioandika aya ndefu kunipinga wakiwa ndani ya hao 41. Mhazini anawajua.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kufanya semina juu ya uchambuzi wa muda hadi kurudia matumizi, na pengine kuutafsiri mwongozo wote kwa Kiswahili, fedha zikipatikana.

Vocha za zile simu 67 nilinunua mwenyewe. Sidai kurudishiwa, ila kumbukumbu ninazo.

Mwenyekiti