Barua kwa binti yangu, Januari mosi 2026

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mama. Sisi tu wazima. Miguu ya mama yako imepungua kuvimba na anatembea mpaka sokoni bila kutaka bodaboda.

Ujumbe wako niliusoma, nikampa na yeye asome. Uliniomba nisimwambie, lakini mimi na mama yako ni wazee sasa, hatuna tena nguvu za kufichana mambo. Unasema unataka kuacha kazi ya bima ili ukae nyumbani uandike riwaya. Sikukupigia kwa sababu najua tungebishana, na simu si mahali pa mabishano ya namna hii. Leo ni Januari mosi, siku aliyozaliwa Shaaban Robert, mwaka 1909, pale Vibambani karibu na Machui. Nimeona niitumie siku yake kukujibu.

Najua utacheka tarehe hiyo. Kwetu kila mzee ambaye hakuandikiwa siku alizaliwa Januari mosi, babu yako akiwamo, na kwenye foleni ya vitambulisho wazee wa mtaa mzima walikuwa pacha. Ya Shaaban tuichukue ilivyo.

Wasomi humzungumza kama mtu aliyezaliwa na kalamu mkononi. Mimi nimekula ukarani maisha yangu yote, kwa hiyo namtazama kwa jicho la karani. Alisoma Msimbazi, Dar es Salaam, kuanzia 1922 hadi 1926. Akatoka hapo moja kwa moja akaingia forodhani, kijana wa miaka 17, akafanya kazi Pangani na kwingineko pwani mpaka 1944. Halafu wakampeleka Mpwapwa, idara ya wanyama, bara kabisa. Mwaka 1946 akarudi Tanga ofisi ya wilaya, na 1952 akahamia upimaji ramani, hadi 1960. Hiyo ni miaka 34 ya kumtumikia Mwingereza. Alifariki Juni 1962. Maisha ya kuwa mwandishi tu, bila bosi wa kumwuliza amechelewa wapi, aliyapata kwa miaka kama miwili hivi, tena mwishoni.

Sasa vipange vitabu vyake kwenye miaka hiyo. Pambo la Lugha na Maisha Yangu vilitoka akiwa ofisi ya wilaya. Kusadikika, 1951, akiwa bado hapo hapo. Adili na Nduguze, 1952. Kuhusu Kusadikika, mwanangu, nataka ukisome tena ukiwa mtu mzima mwenye ajira, maana shuleni mlikisoma kwa ajili ya mtihani, mkakariri wahusika na dhamira. Nchi inaelea angani. Wajumbe wanatumwa kila upande, wanarudi wameteseka, wanaleta habari za faida, wanatiwa gerezani. Karama anasimama kizimbani kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na anayemshtaki ni waziri anayeitwa Majivuno. Aliyeandika hayo ni karani Mwafrika wa serikali ya kikoloni, na asubuhi anatakiwa awe mezani kwake kabla mkubwa wake hajaingia. Wengi husema aliandika licha ya kazi ile. Mimi naona sehemu ya kitabu ilitoka kwenye kazi ile ile. Mtu hamjui Majivuno vizuri hivyo mpaka awe amempelekea mafaili.

Ndiyo maana nakuuliza habari ya yule mama wa bahasha ya kaki. Uliisimulia Idi iliyopita, tunakula. Alikuja dirishani kwako kufuatilia madai ya mwanawe wa bodaboda, bahasha imechakaa pembe mpaka ameishona kwa uzi mweusi, na kila ukimrudishia karatasi anaipangusa kwa khanga kwanza ndipo anairudisha ndani. Shangazi yako aliacha pilau mdomoni. Hadithi hiyo uliipata wapi? Ukikaa nyumbani Sinza na kompyuta yako, nani atakuja dirishani?

Sikatai kwamba kazi inachosha. Mimi mwenyewe nilikuwa nikirudi saa kumi na moja sina hamu hata ya gazeti. Lakini angalia ujanja wa yule mzee. Sehemu kubwa ya alichoandika ni tenzi na mashairi, na utenzi unatembea na mtu. Beti ina vipande vinne vifupi, kwa kawaida mizani nane nane. Vitatu vina kina chao, cha nne kinabeba kina kimoja tangu beti ya kwanza hadi ya mwisho. Unaweza kuuhesabu kwa vidole huku unasubiri jahazi lifunge gati. Kina cha mwisho kinakushikia mahali ulipoishia jana. Simjui aliyemwona akifanya hivyo forodhani, lakini mimi nilijaribu kwenye kaunta yangu na nakuhakikishia inawezekana, ingawa beti zangu hazikustahili kutoka kwenye kaunta. Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaozungumzia vita vile vikuu vya pili, una beti zinazohesabiwa kwa maelfu. Riwaya haitembei hivyo, nalijua hilo. Basi tafuta kipande cha riwaya kinachotembea: mazungumzo, au sura ya mtu mmoja.

Na kwa kuwa mimi ni baba anayemwandikia binti, siwezi kuupita Utenzi wa Hati. Amina, mkewe, alikuwa amefariki na kumwachia watoto wadogo. Anamwita binti yake, anamwambia akae juu ya kiti aandike hati ndogo ya wasia. Angalia kalamu iko kwa nani. Baba anasema, binti anaandika, tena kitini, si mkekani. Karibu miaka mia nyuma yake, 1858, Mwana Kupona, mshairi wa Pate, naye alimwita bintiye Mwana Hashima aje na wino na karatasi, yeye akiwa mgonjwa. Shaaban aliujua wito ule, nami sidhani kama aliuitika kwa bahati. Ukipata nafasi soma tenzi hizo mbili jioni moja, uone mama wa Pate alitaka nini kwa binti na karani wa Tanga aliongeza nini.

Halafu kuna Siti binti Saad. Shaaban, mshairi mkubwa mwenye nishani ya Mwingereza, akaketi na mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba kwa wafinyanzi, yapata 1880, akaandika wasifu wake. Siku aliyozaliwa Siti hakuna aliyeiandika, hata hiyo Januari mosi ya kubandikwa hakupewa. Kitabu kilitoka 1958, Siti amekwisha kufariki tangu 1950. Sina la kukufundisha hapo, nimekitaja kwa sababu nakipenda.

Wengine kwa kifupi. Abdulrazak Gurnah, mwandishi wa Zanzibar, alitimiza 77 Desemba 20. Alipofika Uingereza kijana aliwahi kufanya kazi za chini hospitalini, kisha akafundisha chuo kikuu cha Kent hadi kustaafu 2017; riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, akikaribia arobaini, na Nobeli ikaja 2021. Wewe una 29 na unaniambia umechelewa! Jumatatu ijayo, Januari 5, Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi wa Kenya, angefika 88. Ni mara ya kwanza siku yake inakuja yeye hayupo. Aliandika riwaya gerezani Kamiti kwenye karatasi za chooni. Hilo watu hulitaja kama sifa ya kufungwa. Mimi silipendi likitajwa hivyo, na wewe usinijibu kwamba ofisi yako ni Kamiti.

Jambo moja tu la Shaaban linaniuma, na hili lipo upande wako. Kufikirika aliiandika katika miaka ya arobaini, ikachapwa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zikatoka 1968. Hakuviona. Kwa hiyo sikwambii ungoje pensheni.

Ninachokwambia ni hiki: usiandike barua ya kuacha kazi kabla ya Juni. Saa ya alfajiri kabla ya daladala iwe yako, na simu uizime. Mama yako amesema mtoto wako aje akae kwetu likizo zote, atapelekwa madrasa na atarudi mnene. Mimi nitalipa ile karo ya muhula wa pili, usitafute kazi ya ziada Jumamosi kwa ajili yake. Juni tukae tuone kuna kurasa ngapi. Zikiwa nyingi na ofisi ndiyo inayozizuia, nitakuja mwenyewe Dar tuandike hiyo barua pamoja. Ya kuacha kazi naijua inavyoandikwa.

Sura ya yule mama wa bahasha ianze. Ichape kwa maandishi makubwa, macho yangu unayajua, uitume kwa basi la asubuhi. Nitaichukua stendi ya Kange, na mzigo nitaulipia huku.

Baba yako