Umeuliza Ba yuko wapi

Mwanangu,

Nimeusoma ujumbe wako. Unauliza Ba, bibi yako, yuko wapi sasa, na kama ni kweli alivyosema yule mgeni matangani, kwamba kulala kwake kitandani miaka yote ile kulikuwa deni la maisha ya nyuma.

Nianze na hilo la pili, maana limeniuma. Karma ni tendo. Wazee wetu wa Kihindu huifananisha na nafaka: ipo iliyojaa ghalani tangu maisha yaliyopita, kipo kibaba kilichokwisha kupimwa kwa ajili ya maisha haya, na ipo tunayoipanda leo. Kibaba kikishapimwa hakirudi ghalani. Hata mtawa hukila. Lakini nani aliyewahi kuingia ghala la mwenzake akahesabu magunia? Anayemtazama mgonjwa akasema "ni karma yake" keshapanda yake, tena mbegu mbovu. Ba alipougua, kazi yetu ilikuwa kumgeuza na kumnywesha uji, basi.

Sasa yuko wapi? Kabla ya moto kuwashwa, pandit, kuhani wetu, alisoma ule ubeti wa Gita, kitabu chetu kitakatifu, sura ya 2: kama mtu avuavyo nguo chakavu akavaa mpya, ndivyo roho iachavyo mwili. Ambaye hesabu yake haijaisha huzaliwa tena. Aliyefunguliwa, ndiyo moksha, harudi. Huko kukoje, hata humu nyumbani hatukubaliani. Mama yako yuko na wale wasemao roho na Brahman, uhalisi mkuu ulio ndani ya vyote, ni kitu kimoja, kama chumvi iliyoyeyuka majini. Ba, mfuasi wa dhehebu la Swaminarayan tangu utotoni, alitaka kubaki Ba, akae Akshardham, makao ya Mungu, amwone Mungu. "Chumvi ikishayeyuka itamwona nani?" aliuliza.

Baba yako mdogo alitaka kumpeleka Kashi, yaani Varanasi, mji mtakatifu wa India, kwani wengi huamini anayefia pale hupata moksha, mungu Shiva mwenyewe akimnong'oneza sikioni. Ba alicheka, akaanza habari za Kabir, mshairi na mfumaji wa Kashi, ambaye husimuliwa kwamba uzeeni aliuhama mji ule akaenda kufia Maghar, mahali watu walipodai ukifia utazaliwa punda. Kama Kashi ndiyo inayookoa, aliuliza Kabir, Ram, yaani Mungu, ana kazi gani?

Basi akafia chumbani kwake, hapa Mombasa, dirisha wazi. Majivu tumeyamwaga baharini.

Siku ya 13 tangu afariki ni Alhamisi. Washa taa ya samli, umlishe mwenye njaa kwa jina lake. Samli ukiikosa huko, mafuta yoyote yatafaa.

Baba yako