Atupele, sungura wako amezaa

Marahaba, mwanangu.

Barua yako imefika salama kwa mkono wa yule mzazi mwenzangu aliyekuja huko Iringa kwenye kikao. Nilipomsomea bibi yako, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Sisi hajatuulizia?" Maana umeuliza sungura, umeuliza karoti, umeuliza kama mbwa Popi bado anachechemea, halafu ukamalizia kwa amri: "Mwambie Lusajo asiguse banda langu." Wengine tumepata "wasalimie wote" pale chini kabisa, karibu na sahihi. Haya, salamu tumezipokea.

Popi hachechemei tena. Karoti zilikomaa, tumezila, nyingine nimempelekea mama mkubwa. Sasa tuje kwenye sungura.

Yule jike mweupe amezaa watoto saba, na ninapoandika hapa wote saba wapo. Mpango wa kuazima dume la jirani ulikuwa wa mdogo wako Lusajo, mimi wala sikuulizwa; nilikuja kuona dume limeletwa kwenye kikapu, limefunikwa kanga yangu. Mwezi ulipokuwa unakaribia kwisha, jioni moja mdogo wako akaingia jikoni anahema, kiganja kimejaa manyoya. "Mama, anaumwa, anajinyonyoa kifuani!" Bibi hakuinuka hata kwenye kigoda. "Mwacheni, anatandika kitanda." Na kweli, sungura jike akikaribia kuzaa hujing'oa manyoya ya kifua na tumbo, kwa sababu wanawe huzaliwa uchi, macho yamefumba, hawawezi kujipasha joto wenyewe. Na baridi ya huku Tukuyu unaijua.

Basi nikadhani tumepona. Kesho yake Lusajo alikaa mbele ya banda kutoka alipotoka shule mpaka giza likaingia, akarudi na hukumu yake: mama amewakataa watoto, hajawanyonyesha hata mara moja, na yeye anaomba maziwa ya ng'ombe na bomba la sindano lisilo na sindano. Bwana mifugo ndiye aliyetuokoa. Alisema sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, sana sana mbili, kwa dakika chache tu, tena usiku au alfajiri, kisha anawaacha ili wanyama walao nyama wasifuate harufu yake mpaka kwenye kiota. Ukitaka kujua wameshiba, tazama matumbo: yakiwa ya duara, yamejaa, usihangaike, yakinywea, hapo ndipo uje unite. Tangu hapo mdogo wako akiamka anakwenda kukagua matumbo kabla hajapiga mswaki. Walipofikisha kama siku kumi walianza kufumbua macho, naye akakimbia barabarani kuwaita wenzake bila viatu, mvua inanyesha.

Kuhusu banda. Ulilijenga vizuri wewe na mjomba, mabanzi yamekazwa, mlango haulegei. Ila mlilielekeza upande wa ziwani, na mvua ya mwezi wa nne huku haianguki kutoka juu, inakuja imelala. Sungura baridi anaivumilia, unyevunyevu hauvumilii. Lusajo na wenzake walitaka kulihamishia chini ya mparachichi, kwenye kivuli kizito, na kwa kutazama tu hata mimi ningesema pale ndipo. Nikawakatalia. Majani na magome ya mparachichi ni sumu kwa sungura, na jani moja likidondoka kwenye wavu, nani atakuwa anaangalia? Kwa hiyo limekaa upenuni mwa jiko, mgongo kwenye ukuta, mbali na moshi. Chini ya wavu wameweka bati kuukuu lenye mwinamo, mavi yanateremka yenyewe hadi kwenye ndoo iliyopasuka, na kutoka hapo yanakwenda moja kwa moja kwenye matuta. Ile mbolea haihitaji kuozeshwa kama ya kuku, haiunguzi mche. Chainizi imestawi, na mnafu umejiotea wenyewe pembeni.

Pia wametengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Nilipiga kelele siku ile Lusajo alipotoka kushika sungura akaja moja kwa moja kwenye ugali. Kesho yake nikakuta dumu la lita tano limening'inizwa kwenye mti, kamba imefungwa kwenye kijiti cha kukanyaga, sabuni imetobolewa na kuvishwa uzi. Mara ya kwanza lilimwagika lote miguuni kwa bibi kwa sababu tundu lilikuwa kubwa mno. Sasa linafanya kazi, hata mgeni akija anapelekwa kwanza kulitazama, atake asitake.

Nisipokuambia la kipunji utaambiwa na watu wengine, tena kwa chumvi. Walifundishwa shuleni kwamba kwenye msitu wa Mlima Rungwe yuko kima aitwaye kipunji, ambaye wataalamu walimwona mwaka 2003 na kumtangaza duniani mwaka 2005. Jumamosi ile mdogo wako na wenzake wawili wakabeba viazi vitamu vya kuchemsha, wakamchukua na Popi, wakaondoka kwenda kumwona. Mbwa! Mnyama ambaye wanasayansi walihangaika kumwona kwa kuwa ni mwoga, hawa wanamfuata na mbwa anayebwekea hata ndizi ikianguka. Mlinzi wa msitu aliwakuta pembeni, wameshakula viazi vyote, akawarudisha kwa miguu hadi barabarani. Nilimchapa? Sikumchapa. Nilimpa kazi ya kukata nyasi za wiki nzima. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu, akasema hao wataalamu wenyewe jina walilipata kwa wawindaji wa huku, kipunji watu wakimtaja kabla hata hawajafika. Na kwa taarifa yako, hata upande wenu wa Iringa wapo, kwenye msitu wa Ndundulu kule Udzungwa. Usiende kumtafuta.

Sasa ile amri yako. Lusajo asiguse banda: hilo sitamwambia.

Jike la kwanza ulilinunua kwa fedha yako ya maparachichi, najua, sijasahau, na hakuna anayekunyang'anya. Lakini tangu Januari anayekata nyasi ni yeye. Mvua hii yote, anakata, anazianika chini ya bati zinyauke kwanza, kwa sababu zikiliwa na maji sungura anaweza kuvimba tumbo. Hakuna aliyemsukuma. Mtu akihudumia kitu hivyo, kisha aambiwe asikiguse kwa barua kutoka Iringa, atasema nini?

Nimeamua hivi, na baba yako amekubali. Watoto wakifika miezi miwili, majike mawili ni ya Lusajo, atachagua mwenyewe. Wanaobaki watauzwa, na fedha itakwenda kwenye nauli yako na madaftari. Mama yao ni wako. Nakueleza mapema ukasirikie huko huko, ununue hata mandazi upoe, ukifika likizo ya Juni yawe yameisha. Sitaki mvutano wa mlangoni mbele ya bibi.

Ukipenda, mwandikie mwenyewe kikaratasi, ukitie ndani ya barua yangu. Si lazima kiwe kirefu. Kila barua ikija anageuza bahasha akitafuta kama kuna jina lake.

Safari: basi likifika Uyole shuka hapo hapo, usikubali kupelekwa hadi stendi ya Mbeya halafu urudi nyuma na begi. Mjomba atakusubiri kwenye njia panda, mtapanda Coaster ya Tukuyu pamoja. Vaa sweta kabla hujashuka. Na kama mwalimu ataruhusu, chukua makopo matupu mawili matatu yenye mdomo mpana, yale mazito. Ya kwetu wanayapindua kila siku na maji yanamwagika kwenye kiota.

Baba anakusalimu. Bibi anasema yeye hajambo, kama utapenda kujua.

Mama yako