Bawa moja halijanishawishi

Mhariri,

Mwanangu, anayetamani urubani, amenionyesha video ya ndege ndogo ya michezo inayokatika bawa angani, kisha inatua salama. Nimeirudia mara saba. Magurudumu yanapokaribia kugusa ardhi, kamera inayumba, picha inapotea kidogo, halafu ndege imeshasimama! Hapo hapo ndipo vipande viwili vya video vilipounganishwa; ni ya kughushi.

Wanaoitetea hutaja ndege ya kivita ya F-15 ya Israeli iliyotua kwa bawa moja mwaka 1983. Hiyo ni kweli. Lakini kiwiliwili chake kipana kilisaidia kuibeba, na ilitua kwa kasi karibu mara mbili ya kawaida. Kandege kale ka propela kwenye video kanashuka taratibu kama unyoya. Tafadhali chapisheni hili, vijana wanaiamini video hiyo.

Mzazi, msomaji wenu